Nyuzi Tisini na Saba

Jumatatu, 3 Februari
Mama Feni kaniambia nisiguse chochote kwenye kompyuta kabla sijawa na daftari. Haya, daftari hili hapa. Niandike tarehe, joto, nilichobadilisha na kilichotokea, basi. Hakunikataza kuandika hasira, kwa hiyo nitaandika na hasira.

Leo Baba kamwambia mteja nikiwa nimesimama palepale: "Binti yangu anachora vizuri, ila ni mzito." Mzito, mimi! Mimi kuchora kabati namaliza kabla chai haijapoa. Kompyuta ndiyo inayochukua saa nne kuigeuza michoro yangu kuwa picha moja yenye mbao, vivuli na mwanga wa dirishani. Karakana inafunguliwa saa mbili asubuhi, na saa kumi na moja jioni Baba anashusha swichi kuu kwa kuogopa moto, maana unga wa mbao uko kila mahali. Kwa hiyo ni picha mbili kwa siku, nikiomba Mungu. Mwenye hoteli anataka picha tisini na sita, vyumba ishirini na vinne, kila kimoja pembe nne, na anakuja kuziangalia tarehe 21 Machi. Akikuta pungufu, anapeleka kazi kwa maseremala wengine.

Na Baba keshasema: hii ikinishinda, atamwita Kaka aje ashike ofisi. Ofisi hii hii ambayo nimekaa miaka miwili, msumeno ukilia ukutani tangu asubuhi. Kaka tangu ahame hata randa hajashika.

Jumanne, 4 Februari
Mama Feni ana kibanda mkabala na karakana yetu. Anatengeneza feni, pasi na redio, na zamani alifanya kazi miaka kumi na minane kwenye chumba cha mitambo ya kurushia matangazo. Nilimuuliza kama ni kweli prosesa inaweza kukimbizwa kuliko ilivyotoka kiwandani.

"Inaweza, kama ni ya aina inayoruhusu. Nani alikuunganishia?"

"Kaka. Na alisema inaruhusu."

"Basi sikiliza, mwanangu. Kompyuta ikiwa ndiyo kwanza inawaka, unafungua ukurasa wa mipangilio. Humo kuna namba ya kuzidishia kasi. Yako ni ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Utapandisha moja. Nimesema moja! Unaifanyisha kazi saa nzima, unatazama joto. Ikitulia, unapandisha nyingine. Ikizimika, unarudi nyuma. Volti huzigusi mpaka mimi nikwambie. Wanaounguza vitu vyao ni hao wanaoanzia kwenye volti."

"Na ikigoma kuwaka kabisa?"

"Unachomoa umeme, unatoa ile betri ya duara iliyo kama kifungo cha koti, unasubiri dakika tano, unairudisha. Inasahau ujinga wako wote." Akarudi kwenye pasi yake. "Ila kwanza niletee joto la sasa hivi, bila kugusa kitu."

Alhamisi, 6 Februari
Joto ikiwa imekaa tu: 61. Joto ikitengeneza picha: 97.

Mama Feni alisoma, akalifunga daftari. "Hapo hupandishi kitu." Nikamwambia hewa yenyewe mwezi huu ni tanuri. Akasema hewa haina ubavu wa kufikisha nyuzi tisini na saba, na kwamba prosesa ikichemka namna hiyo inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. "Unataka kumkimbiza mgonjwa," akasema. "Tafuta kwanza anaumwa nini."

Nilikwenda kutafuta kasi, nimerudi na karipio.

Jumamosi, 8 Februari
Picha mbili. 97.

Jumatatu, 10 Februari
Nimefungua ubavu wa kompyuta na kupuliza. Unga wa mbao uliotoka humo ungejaza kikombe. Baba alichungulia na kuuliza kama leo ni kazi au mchezo. Sikumjibu, nilikuwa na vumbi mdomoni, na bora nilikuwa nalo.

Baada ya usafi: 94. Nyuzi tatu! Mama Feni anasema kilichobaki ni kufungua feni ya prosesa pamoja na chuma chake, kufuta ile grisi ya kupitisha joto na kupaka mpya. Nimekataa. Skrubu nne tu, najua, na mimi ni mtoto wa seremala. Lakini ile ni kazi ya Kaka, nikivunja kitu pale Baba atanisomea mpaka mvua zije.

Alhamisi, 13 Februari
Sikumsikiliza Mama Feni. Nimepandisha kutoka 36 hadi 38 kwa mkupuo. Matokeo: saa nne na dakika ishirini. Nimeongeza kasi, nimepata uzito! Inapanda, inachemka, inajibana, inatambaa. Nimerudisha 36.

Ijumaa, 14 Februari
Mbili. Joto la nje halisemeki. Sina hamu na mtu.

Jumanne, 18 Februari
Leo nimefanya upumbavu na nitauandika wote.

Baba aliingia asubuhi na mwenye hoteli yuko kwenye simu. Akamwambia kwa sauti, makusudi nisikie: "Tunajitahidi, mama. Mashine tunayo, sema mtu wa kuiendesha ndiyo tatizo." Akatoka anacheka. Nikafungua ukurasa wa mipangilio, nikaweka 40. Ikagoma kuwaka vizuri. Basi nikapandisha na volti, kile kile nilichokatazwa, na si kidogo. Ikawaka. Nikaona, eeh, kumbe Mama Feni mwoga tu. Nikaianzisha picha ya kumi na tisa.

Dakika sita. Skrini ikawa bluu, kisha nyeusi, kisha feni ikanyamaza.

Niliwasha, haikuwaka. Nikawasha tena. Nikatoa ile betri ya duara, nikasubiri dakika tano kwa saa ya ukutani, nikairudisha. Ikawaka, namba zimerudi zilivyokuwa. Nikamshukuru Mungu mapema mno. Faili la vyumba vya ghorofa ya pili halifunguki. Vyumba nane, vitanda, makabati, meza za kioo, kila bawaba nilivyoichora. Nakala ya akiba ni ya wiki tatu nyuma, na aliyepaswa kuhifadhi nyingine ni mimi.

Nilivuka barabara nikamwambia Mama Feni. Nilidhani atanifariji. Akanitazama juu ya miwani.

"Nilikwambia nini kuhusu volti?"

"Baba aliniudhi."

"Baba yako ndiye aliyeshika kipanya?"

Nikaondoka bila kuaga. Nimemkasirikia kwa sababu hana kosa.

Jumatano, 19 Februari
Nachora upya. Leo nimehifadhi mahali pawili.

Alhamisi, 20 Februari
Nachora upya.

Meza kumi na mbili za ofisi zimetoka leo, zote zimefungwa nailoni mpaka miguuni. Fundi mmoja alibandua kipande ili dereva aone rangi, Baba akamgombeza mbele ya watu wote: "Nailoni anaivua mwenye kitu, kikishafika kwake!" Ndiyo sheria yake tangu nipate akili. Hata kiti changu cha ofisini bado kina nailoni, kinanilia kila nikigeuka, na siku nilipotaka kuichana alinikemea.

Jumamosi, 22 Februari
Nimemaliza kuchora upya. Siku nne za kuchora zimekwenda bure, bora picha za ghorofa nyingine ziliendelea kutengenezwa.

Jumatatu, 24 Februari
Picha mbili. Nikampigia Kaka.

Sikumwamkia. Nikamwambia prosesa aliyoninunulia ni mbovu, na kwamba aliharakisha kuunganisha ili awahi kuondoka. Kaka si mtu wa kelele, na hilo nalo linaniudhi.

"Inafika ngapi?" akauliza.

"Tisini na nne, na hapo nimeshaisafisha."

"Mdogo wangu," akasema, "hebu fungua feni uangalie chini yake."

"Umeifunga wewe, unataka niangalie nini?"

"Wewe fungua tu."

"Ukiwa na neno si uliseme!"

"Sina neno," akasema. Nikamkatia simu. Mtu mwenye hakika na kazi yake hasemi "fungua tu."

Jumamosi, 1 Machi
Baba kampigia Kaka. Nimeambiwa na Baba mwenyewe, huku anapanga patasi wala hanitazami. Kaka anakuja tarehe 22, mwenye hoteli akishapita. "Aje aone ofisi ilivyo," akasema. Nikauliza, na mimi? "Wewe utamsaidia."

Utamsaidia. Nimeandika hapa ili nisilisahau.

Jumanne, 4 Machi
Picha zilizokamilika ni arobaini. Na leo asubuhi mwenye hoteli amebadili rangi ya makabati, kwa hiyo picha nane zirudiwe. Zimebaki sitini na nne. Kwa picha mbili kwa siku, sifiki hata nusu.

Sikuwa tena na kitu cha kuogopa kuharibu. Nilimwendea Mama Feni, nikamwomba radhi kwa kuondoka vile, nikamwomba aje na grisi yake. Alikuja na kitambaa safi na bisibisi. Tulizima, tukachomoa waya, tukalaza kompyuta ubavu. Akaniambia nilegeze skrubu mwenyewe, kila moja kidogo kwa zamu, kwa msalaba, chuma kisielemee upande mmoja. Kikanyanyuka na sauti ndogo ya kubanduka.

Mama Feni akakigeuza chuma juu chini. Akanipa nione.

Nailoni! Karatasi ya nailoni ya kiwandani ilikuwa bado imebandikwa chini ya chuma cha kupozea, imekunjamana kwa joto, na maandishi mekundu yanasomeka: ONDOA KABLA YA KUFUNGA. Chuma na prosesa havijawahi kugusana. Miaka miwili joto limekuwa likigonga nailoni, na mimi nimekuwa nikiitwa mzito.

Sijui nilipiga kelele gani, ila msumeno wa upande wa pili ulizimwa. Mama Feni akaibandua nailoni, akafuta, akapaka grisi mpya tone moja dogo katikati, tukafunga. Tukawasha.

Imekaa tu: 38. Ikitengeneza picha: 63. Saa mbili na dakika tano.

Siku ile kompyuta inaunganishwa mimi nilikuwa nje ninapima madirisha ya mteja. Niliiacha na Kaka. Kwa hiyo nilipiga picha ile nailoni, nikaituma kwenye kundi la familia la simuni, shangazi, binamu na wote wasome. Nikaandika: "Kazi ya fundi wetu mkubwa wa kompyuta. Miaka miwili ameniua kwa uzembe wake, na sasa ndiye anaitwa aje anifundishe." Na mengine ambayo siyarudii hapa.

Kaka alijibu neno moja: "Hongera." Baba alisoma pia, niliona alama ya kusomwa. Hakuandika kitu. Alipita dirishani akiwa amebeba ubao ambao ungeweza kubebwa na mtu mwingine yeyote.

Jumatano, 5 Machi
Nimepandisha hadi 37. Joto 64. Picha nne. Imetulia.

Kwa picha nne siku zitaisha zimebaki nane. Bado nahitaji tano.

Alhamisi, 6 Machi
38. Joto 65. Nne. Moja moja, kama nilivyoambiwa. Mama Feni anakuja saa sita mchana kusoma daftari, kurasa za hasira anaziruka kwa heshima.

Ijumaa, 7 Machi
39 asubuhi, 40 mchana. Joto 68. Nne.

Jumamosi, 8 Machi
41. Skrini ya bluu baada ya dakika arobaini. Safari hii sikupoteza hata mstari. Mama Feni akasema, "Sasa ndiyo volti, na kidogo." Kutoka 1.200 hadi 1.225. Ikatulia. Mchana tukaweka 42 kwa 1.250. Joto 74. Picha moja ni saa moja na dakika arobaini na saba.

Nikataka 43. "Ya nini?" akaniuliza. "Ulikuwa unataka picha tano au unataka kunionyesha mimi?" Nikaacha.

Jumatatu, 10 Machi
Tano.

Jumanne, 11 Machi
Tano. Baba aliniletea chai mwenyewe. Akakaa mlangoni kama ana la kusema, akaangalia kompyuta, akaondoka. Kaka hajanipigia, nami sina haja naye.

Ijumaa, 14 Machi
Tano. Mawingu yameanza kujikusanya, hewa imebana. 76.

Jumatatu, 17 Machi
Umeme ulikatika saa tatu. Nimepoteza picha moja. Nimetukana kimya kimya mpaka uliporudi.

Alhamisi, 20 Machi
Ya mwisho imekamilika saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni. Tisini na sita. Nimezihesabu mara mbili, kisha nimelia kidogo, kwa uchovu tu.

Ijumaa, 21 Machi
Mwenye hoteli alikaa saa mbili mbele ya skrini. Alitaka kuona mlango wa kabati ukifunguliwa, nikaufungua. Alitaka kitanda kikae upande wa dirisha, nikakisogeza. Mwishoni akasema kazi ni yetu, vyumba vyote ishirini na vinne.

Basi Baba, mkono wake ukiwa bado ndani ya mkono wa yule mama, anasema: "Na hapo hujaona kitu. Kijana wangu anakuja kesho kushika ofisi, mambo yatakwenda haraka zaidi."

Mwenye hoteli alinitazama mimi. Niliangalia chini kwa sababu ningefungua mdomo ningevunja kila kitu.

Jumamosi, 22 Machi
Mvua imeanza leo alfajiri. Kaka ameingia saa nne, amelowa, begi dogo la siku mbili. Baba alikuwa ofisini tayari, amekaa kwenye kigoda cha wageni, amevaa shati la kutokea.

Nilikuwa nimeiweka ile nailoni kwenye droo tangu siku ile. Kaka hata hajafuta maji usoni, nikaitupa mezani.

"Eleza," nikamwambia. "Mbele ya Baba. Eleza ulivyofunga."

Kaka akaitazama, akamtazama Baba. Baba akawa anatazama mvua.

"Feni sikufunga mimi," Kaka akasema taratibu. "Waya mmoja ulipungua, nikatoka kwenda kuutafuta. Niliporudi nikakuta imeshafungwa. Nikauliza kama kila kitu kimeondolewa, nikaambiwa ndiyo."

"Nani alikwambia ndiyo?"

Akafuta maji usoni. Hakuwa na haja ya kunitajia, tulikuwa watatu tu chumbani.

"Baba?"

Baba akakohoa. "Nilitaka na mimi niwe nimeweka mkono wangu."

"Na nailoni?"

"Si ndivyo tunavyofanya? Kitu kinakaa na nailoni mpaka kifike kwa mwenyewe."

"Mwenyewe alikuwa ni nani, Baba?" Tayari nilikuwa najua, lakini nilitaka alitamke. "Mimi nilikuwa nimeshakaa hapa. Meza yangu, michoro yangu. Mwenyewe ni nani?"

Akamtazama Kaka. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa: "Nilijua atarudi. Nikasema ataivua mwenyewe siku akishika ofisi."

"Baba," Kaka akasema, "mimi sijawahi kusema narudi. Hata mara moja."

"Na kiti hiki?" nikauliza.

"Na kiti."

Nilisimama, nikaichana nailoni ya kiti kuanzia mgongoni mpaka chini, vipande vikatapakaa sakafuni, na Baba hakunikemea. Nikamwambia yote. Nikamwambia aliniita mzito mbele ya wateja huku mzigo akiwa ameufunga yeye kwa skrubu nne. Nikamwambia aliiona picha kwenye simu, akaona maandishi mekundu, akaona ninavyomtukana mwanawe mbele ya ukoo mzima, na akabeba ubao akapita. "Ulimwacha atukanwe kwa kosa lako, na mimi ukaniacha niwe mtukanaji!" Sijawahi kumpandishia Baba sauti maishani. Leo nimempandishia na sijutii, labda kesho.

Alikuwa mdogo sana kwenye kile kigoda na lile shati lake la kutokea. Niliona hilo pia. Halikunipoza.

Jumapili, 23 Machi
Mvua kutwa. Nimeandika kwenye kundi la familia: "Feni haikufungwa na Kaka. Nilimtukana bure, mbele yenu, na namwomba radhi mbele yenu." Shangazi akauliza nani basi aliyeifunga. Kabla sijajibu, Baba akaandika mwenyewe: "Ni mimi." Baba hajui kuweka nukta wala herufi kubwa, lakini hilo aliliandika sawasawa.

Jumatatu, 24 Machi
Kaka ameondoka. Kabla ya kwenda aliomba daftari hili, nikampa kurasa za namba tu. "Arobaini na mbili kwa volti hizi?" akasema. "Yangu haifiki." Nikamuuliza kwa nini hakunitajia Baba siku ile kwenye simu, akaniacha na ulimi wangu. Akasema, "Ungemwambia mbele ya wateja." Ni kweli, ningemwambia.

Akishaondoka nilimfuata Baba kwenye meza ya randa. Nikamwambia simsaidii mtu ofisini. Kazi ya hoteli nitaisimamia mimi, na mteja ataambiwa hivyo na Baba mwenyewe kwa mdomo wake. Kama hataki, aseme leo, nina mikono na Mama Feni ana nafasi kibandani. Aliendelea kupiga randa mahali ambapo palikuwa pameshalainika.

Jumatano, 26 Machi
42. 1.250. Joto 69, mvua imesaidia.

Baba hajaniomba msamaha, na simtegemei aombe. Bado nina hasira, nikiamka ninayo. Leo asubuhi alimpigia mwenye hoteli simu akiwa uani, nikamsikia anasema maneno yangu yote kama nilivyompa, polepole, na jina langu ndani yake.

Kisha nikasikia kitu mlangoni. Ofisi hii miaka miwili ameingia atakavyo, nikiwa na mteja, nikiwa nakula, nikiwa nalia. Leo alisimama nje, kofia mkononi, akagonga mbao.

"Hodi," akasema.

Nilimaliza mstari niliokuwa nauchora. Nikauhifadhi. Halafu ndipo nikamwambia karibu.